Kizuri Chajiuza

Jioni moja jirani yangu hapa Wazo alinijia akiwa na simu mkononi. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka, na muuzaji wa mtandaoni alikuwa amemtumia picha ya sarafu ya dhahabu. Upande mmoja tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai wa Ujerumani.

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe ulifundisha historia. Hii ni yenyewe?"

Sarafu hiyo naijua. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga pwani yetu, na fedha kutoka Ujerumani zikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli, Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba. Kila moja ilikuwa ya rupia 15, yenye uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Zilizopigwa ni kama 16,000 tu. Kwa uchache wake zikawa ghali, na kwa ughali wake zikaigwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili hujitembeza, tena kwa picha nzuri. Jicho peke yake halitoshi. Hoja hujengwa kwa historia na mizani. Mwaka 2008, mjini New York, chupa za mvinyo wa Ufaransa zilikuwa tayari kupigwa mnada. Baadhi zilikuwa na lebo za Clos Saint-Denis ya Domaine Ponsot, za kati ya miaka 1945 na 1971. Laurent Ponsot, mkuu wa shamba hilo, akasafiri kwenda kuzuia: familia yake ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Chupa zikaondolewa mnadani bila hata moja kuonjwa. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 10.

Nayasema haya nikiwa na deni. Kwa miaka mingi chuoni niliwaonyesha walimu wanafunzi sarafu ya tembo niliyoinunua, nikiwaambia, "Hii ilikuwapo Tabora." Sikuwahi kuipima. Nilipostaafu niliipeleka kwa sonara Kariakoo. Mizani ikaonyesha gramu nne na ushee: shaba iliyopakwa dhahabu. Fedha haikuniuma. Kilichoniuma ni wale vijana, waliotawanyika nchi nzima wakifundisha somo la kweli walilolipata kwa shahidi wa uongo. Nami ndiye niliyewafundisha kuuliza ushahidi umetoka wapi.

Basi nikamwambia jirani amwombe muuzaji mambo matatu: aiweke sarafu juu ya mizani na namba ionekane, aeleze ilipitia mikononi mwa nani, na akubali ipimwe kwa sonara kabla ya malipo. Jibu likaja upesi: kuna mteja mwingine njiani, afanye haraka.

Nikaingia ndani, nikatoka na sarafu yangu. Jirani akaigeuzageuza muda mrefu.

"Lakini inapendeza, Mwalimu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo maana niliinunua."