Asenath Bole Odaga: Kalamu ya wanyonge kando ya Ziwa Victoria

Mwandishi wa riwaya na tamthilia, Asenath Bole Odaga, alizaliwa Rarieda mwaka 1937 na kufariki Desemba 2014. Kabla ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974 alikuwa mwalimu, na aliwahi kuongoza shule ya wasichana ya Nyakach. Hadithi yake ya watoto, Jande's Ambition, ilitoka mwaka 1966.

Kazi inayomtambulisha zaidi ni tamthilia ya Simbi Nyaima. Imejengwa juu ya ngano ya Wajaluo kuhusu ajuza mgeni aliyefukuzwa karamuni, akasitiriwa na mwanamke mmoja tu. Usiku huo mvua ilinyesha, kijiji kikazama. Ziwa lenye jina hilo lipo hadi leo karibu na Kendu Bay. Katika ngano hiyo, anayedharauliwa ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Mwaka 1982, yeye na mumewe, James Odaga, walianzisha kampuni ya Lake Publishers mjini Kisumu. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwani wachapishaji wakubwa walikuwa Nairobi na vitabu vya Kijaluo havikuwa na soko la uhakika. Mwaka huo huo, yeye na Kichamu Akivaga walitoa kitabu cha fasihi simulizi kwa shule za upili, hivyo masimulizi ya mabibi vijijini yakaingia darasani.

Riwaya yake, The Shade Changes, ilitoka mwaka 1984. Alijiita mtetezi wa wanawake bila kuona haya, na mwaka 2005 akatoa kamusi ya Kijaluo na Kiingereza.