Pete za Kuimarisha Karibu na Nozeli

Pete ya kuimarisha ni ukanda wa chuma unaozungushiwa mwili wa chombo cha presha na kuchomelewa hapo, ili mwili usibonyee unaposukumwa kutoka nje. Pete hizi huhitajika hasa kwenye vyombo vya ombwe, mfano vyungu vya kuchemshia sukari viwandani. Nozeli ni kishingo kinachounganisha chombo na bomba. Mara nyingi nozeli na pete hudai sehemu ileile ya bamba.

Mwaka 1858 mhandisi William Fairbairn wa Uingereza alionyesha kwa majaribio kwamba mrija unaosukumwa kutoka nje hudhoofika kadiri unavyorefuka. Pete huugawa urefu huo. Tuchukue chombo cha chuma chenye kipenyo cha mita 2, bamba la milimita 10 na urefu wa mita 10 usio na egemeo. Kwa fomula ya Windenburg na Trilling ya mwaka 1934, kitabonyea kwenye baa 1.8 hivi. Ukigawa kwa 3 kwa ajili ya usalama, inabaki baa 0.6, nayo haitoshi kuhimili ombwe kamili, kwani angahewa husukuma kwa baa 1.013. Pete moja katikati hupandisha kiwango salama hadi baa 1.2.

Sasa nozeli ikiangukia katikati? Suluhisho bora ni kuisogeza pete, tena mapema, mchoro ukiwa bado mezani. Ila nafasi ya kusogeza ni finyu: ukiisogeza mita 1, kipande kirefu kinakuwa mita 6 na kiwango salama kinashuka hadi baa 1.03. Zaidi ya hapo, ama bamba liongezwe unene ama pete ya pili iwekwe.

Lipo kosa la kudhani kwamba kiraka cha nozeli, yaani bamba linalochomelewa kuzunguka tundu la nozeli, kinaweza kushika nafasi ya pete. Kazi za viwili hivi ni tofauti kabisa. Presha ya ndani ikivuta bamba, mkazo kwenye ukingo wa tundu dogo la mviringo hufika mara 2.5 ya mkazo wa kawaida wa mzingo. Ndiyo maana kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, hutaka chuma kilichopotea kifidiwe karibu na tundu. Kiraka hufidia eneo la chuma. Pete huzuia mwili kupinda, na nguvu hiyo hutokana na kina chake kutoka kwenye bamba. Kiraka kimelala bapa, hakina kina hicho.

Pete isiposogezeka, hukatwa na kuunganishwa tena kwa fremu inayoizunguka nozeli, yenye ukakamavu usiopungua ule wa pete nzima. ASME huruhusu pengo lisilozibwa kwenye pete, ila kwa urefu wenye kikomo kinachotegemea kipenyo, unene wa bamba na urefu kati ya maegemeo. Fundi naye aachiwe nafasi ya kuingiza spana kwenye bolti za flanji na ya kukagua mishono yote.

Pete ikilazimika kupita juu ya kiraka, mshono wa kiraka ukaguliwe kabla haujafunikwa. Kiraka kikigawanywa vipande, kila kipande kiwe na tundu lake dogo la majaribio: hewa hupulizwa humo, mishono ikipakwa maji ya sabuni, na povu huonyesha panapovuja. Pete isiliz­ibe tundu hilo.