Mirathi ya al-Khwarizmi: neno "algoriti" ni la nani?

Leo tuziweke kando seva na simu, tuzungumze historia. Sisi tunaoandika programu hulitaja neno algoriti kila siku bila kukumbuka kwamba ni jina la mtu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi takriban mwaka 780 hadi 850, akafanya kazi Baghdad chini ya khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Kitabu chake cha hesabu kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liliandikwa Algorizmi, na vinywa vya Ulaya vikamalizia kazi. Kitabu chake kingine kilikuwa na neno al-jabr katika jina lake, na hiyo ndiyo aljebra iliyokutoa jasho ukiwa kidato cha pili.

Mtu mmoja, maneno mawili yaliyozunguka dunia, na leo ana wenyewe wasiopungua wanne.

Ukifika Khiva, Uzbekistan, utamkuta ameketi nje ya kuta za mji wa kale, sanamu ya mtu aliyeinamisha kichwa kama anayetafuta hitilafu kwenye msimbo. Chuo kikuu cha teknolojia ya habari cha Tashkent kina jina lake. Nenda Tehran, nako yupo, kashika astrolabi mbele ya idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Amirkabir. Iran ina Chuo Kikuu cha Kharazmi, na tangu 1987 hutoa tuzo ya sayansi yenye jina hilohilo. Waarabu nao, hasa Wairaki, watakuuliza: je, si aliandika kwa Kiarabu, mjini Baghdad, kwa mshahara wa khalifa? Turkmenistan haina kelele nyingi, lakini ndiyo yenye magofu ya Konye-Urgench, mji uliokuwa makao makuu ya Khwarazm. Hata Usovieti ilichukua fungu lake kabla ya kufa: mwaka 1983 ilitoa stempu ya kuadhimisha miaka 1200 ya kuzaliwa kwake, ingawa mwaka wenyewe wa kuzaliwa ni wa kukadiria tu.

Nimelitazama jambo hili kama mtu wa hifadhidata. Chukua jedwali lenye rekodi moja ya al-Khwarizmi, kisha uulize ni safu ipi inayomtambulisha. Uzbekistan inasoma safu ya mahali pa asili. Iran inasoma safu ya ukoo na utamaduni, kwa kuwa Khwarazm ya kale ilikuwa ya watu wa jamii ya lugha za Kiirani. Waarabu wanasoma safu ya lugha ya maandishi, Iraki ile ya mahali pa kazi. Kila mmoja anapata jibu sahihi kwa swali alilouliza. Kama ingeishia hapo tungesema ni tofauti za kawaida za wasomi.

Lakini haiishii hapo. Ukiwafuatilia utaona kila nchi hubadilisha safu kulingana na mtu anayetafutwa! Uzbekistan, inayoshikilia ardhi kwa al-Khwarizmi, inamtukuza mshairi Alisher Navoi kama baba wa fasihi yake. Jumba la opera la Tashkent lina jina lake, na kuna mji mzima unaoitwa Navoiy. Navoi alizaliwa Herat mwaka 1441 na akafia Herat 1501. Herat iko Afghanistan. Hapo ardhi haihesabiki tena, lugha ya Kituruki aliyoitumia ndiyo hoja. Iran nayo inamdai Rumi kwa sababu aliandika Kiajemi, lakini Ibn Sina, ambaye vitabu vyake vingi ni vya Kiarabu, inamdai kwa asili na kwa kaburi lake lililoko Hamadan. Huyo Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara, iliyo Uzbekistan leo, na sura yake imechapishwa kwenye noti ya somoni 20 ya Tajikistan. Uturuki ina kaburi la Rumi, Konya, alikofariki mwaka 1273. Afghanistan ina Balkh, inakosemwa alizaliwa mwaka 1207. Mwaka 2016 Iran na Uturuki zilipotaka kupeleka Masnavi yake UNESCO pamoja, Afghanistan ilikuja juu kwelikweli.

Tusiwacheke sana. Hapa kwetu anzisha tu mjadala wa Kiswahili ni cha Lamu, Mombasa au Unguja, uone kama utalala mapema.

Turudi kwa mtu wetu, maana hata hiyo safu ya asili yake ina utata, na utata wenyewe utawafurahisha waandishi wa programu. Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kwamba khalifa al-Wathiq alipougua mwaka 847, wanajimu waliitwa wakapiga hesabu za nyota zake, wakasema ataishi miaka hamsini zaidi. Akafa baada ya siku kumi. (Makadirio ya mradi hayajaanza kukosewa leo.) Katika orodha ya wanajimu hao limo jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, likifuatwa na maneno al-Majusi al-Qutrubbulli. Majusi ni mfuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Qutrubbul ni kitongoji karibu na Baghdad. Kwa hiyo wapo wasomi waliosema: mnaona, alikuwa Majusi, na hakuzaliwa Khwarazm bali Iraki, jina la Khwarizmi labda ni la wazee wake. Mwanahistoria wa hisabati Roshdi Rashed akajibu kwamba hao ni watu wawili, na kwamba mwandishi wa zamani aliyenakili orodha alidondosha herufi moja tu, ile "wa" ya Kiarabu ambayo kwetu ni "na". Irudishe mahali pake, na al-Majusi al-Qutrubbulli anakuwa jamaa mwingine kabisa. Mimi nakubaliana na Rashed. Dibaji ya kitabu cha al-jabr inasomeka kama ya Mwislamu wa kawaida wa zama zake.

Herufi moja iliyodondoka, na dini na mahali alikozaliwa vinageuka. Nani hapa hajawahi kukesha kwa sababu ya kosa la namna hiyo?

Sasa tufike kwa mdai ambaye hana kiti mezani. Khwarazm ilikuwa na lugha yake, Kikhwarazmi, ya tawi la mashariki la lugha za Kiirani. Si Kiajemi, si Kiuzbeki wala Kiturkmeni, na si Kiarabu. Mwaka 712 jeshi la Waarabu likiongozwa na Qutayba bin Muslim liliiteka nchi hiyo. Al-Biruni, aliyezaliwa huko mwaka 973 na ambaye Kikhwarazmi kilikuwa lugha yake ya mama, aliandika kwamba Qutayba aliwaangamiza waliojua maandishi na habari za kale za Wakhwarazmi, hata historia yao kabla ya Uislamu ikawa giza. Lugha yenyewe iliendelea kuzungumzwa kwa karne kadhaa, kisha Kituruki kikaimeza. Al-Biruni mwenyewe aliona kwamba elimu ikiandikwa kwa lugha yake ya mama itakuwa kichekesho, akachagua Kiarabu. Leo Uzbekistan ina mji unaoitwa Beruniy, Afghanistan ina chuo kikuu chenye jina lake na kaburi lake liko Ghazni, na sanamu yake ni miongoni mwa nne ambazo Iran iliupa Umoja wa Mataifa mjini Vienna mwaka 2009. Wakhwarazmi hawana bendera, hawana balozi UNESCO, hawana hata mzungumzaji mmoja. Hili ndilo linalonisumbua katika ugomvi wote. Kila ubao unaoandikwa "mwanahisabati mkuu wa Uzbekistan" au "wa Iran" unawafunika kidogo zaidi wale waliokuwa wenyeji wa pale.

Na kitabu je? Wagombanao wengi hawakitaji kabisa yaliyomo. Al-Khwarizmi anasema katika dibaji kwamba amekusanya mambo ambayo watu huyahitaji katika mirathi, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakuna alama za x na y humo, kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Kile tunachokiita leo x mraba yeye alikiita māl. Ndiyo, ni "mali" yetu hii hii. Hesabu yake mashuhuri, kwa uandishi wa leo, ni hii:

x² + 10x = 39

Chukua nusu ya 10, ni 5. Zidisha kwa 5 upate 25. Ongeza 39, ni 64. Kipeo chake ni 8. Toa 5, imebaki 3. Halafu anachora mraba kukuthibitishia kwa nini njia hiyo hufanya kazi. Al-jabr maana yake ni kurudisha kilichopungua: kinachotolewa upande mmoja wa mlinganyo unakihamishia upande wa pili kwa kuongeza. Neno hilohilo lilitumika kwa kuunga mfupa uliovunjika, ndiyo sababu Hispania ya zamani mganga wa mifupa aliitwa algebrista.

Sehemu kubwa ya kitabu ni ya mirathi. Mfano mmojawapo: mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto wa kiume mmoja na mabinti watatu, na ameusia mtu baki apewe sehemu ya nane na sehemu ya saba ya mali yake. Kila mtu anapata nini? Wale wa Pwani wanaomfahamu kadhi hawatashangaa. Wasia ni 1/8 na 1/7, jumla 15/56. Zimebaki 41/56. Mume anachukua robo ya baki. Inayosalia inagawanywa mafungu matano, mtoto wa kiume mawili na kila binti moja. Gawanya mali yote mafungu 1120 ili usiwe na sehemu: mtu baki 300, mume 205, kijana 246, kila binti 123. Jumlisha uone kama haifiki 1120.

Kwa hiyo serikali zinagombania mirathi ya mtu aliyeandika kitabu cha kugawa mirathi. Wala yeye hakudai kwamba vitu vyote ni vyake. Kitabu chake cha pili, kile kilichotupa neno algoriti, kilieleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Wahindi, na yeye alisema hivyo wazi. Kanuni za kuhesabu kwa sifuri zilikuwa zimeandikwa na Brahmagupta huko India mwaka 628. Na mwaka 662 askofu Severus Sebokht, Msiria aliyeishi katika monasteri karibu na mto Frati, alizisifu tarakimu tisa za Wahindi katika maandishi yake, kwa sababu alikuwa amechoshwa na Wagiriki waliojiona wao peke yao ndio wenye elimu. Ugomvi huu ni mzee kuliko al-Khwarizmi mwenyewe!

Mara moja niijuayo, watu wa fani yetu walikwenda kwake bila kumgombania. Septemba 1979 Andrei Ershov wa Usovieti na Donald Knuth wa Marekani waliongoza mkutano kuhusu algoriti mjini Urgench, wakati wa Vita Baridi, jirani na Khiva ya leo. Wakakaa wiki wakijadili algoriti ni kitu gani hasa. Nchi waliyokutania, Usovieti, haipo tena. Uzbekistan ilijitangazia uhuru 1991.

Kuhusu kitabu cha tarakimu, nakala ya Kiarabu imepotea. Chuo cha Tashkent hakinayo, Tehran hainayo, Baghdad haina. Kilichobaki ni tafsiri ya Kilatini. Nakala moja iko Cambridge, na inakatika kabla ya mwisho, katikati ya maelezo ya kuzidisha sehemu. Mwandishi aliyeinakili aliacha nafasi za kuzichora tarakimu za Kihindi baadaye, na nyingi hakurudi kuzijaza. Nakala nyingine, iliyo kamili zaidi, ilikuja kuonekana New York na ikachapishwa mwaka 1997, tarakimu zikiwa mahali pake.