Maikrofoni Moja na Maneno ya Nyimbo za Gitaa za Katanga

Mwenye kuhariri utenzi wa kale hauamini mswada kwa kuutazama tu. Huuliza nani aliunakili, na kutoka nakala ipi. Hujua kwamba katika hati za Kiarabu za zamani alama moja ilisimama mahali pa *e* na mahali pa *i*, na kwamba *b* iliyoandikwa huenda ikawa *p* iliyotamkwa. Lakini mtaalamu huyohuyo akipewa santuri, aghalabu huketi akaandika anayoyasikia kana kwamba yametoka kinywani mwa mwimbaji hadi sikioni mwake pasipo mkono wa mtu kati yao. Nakusudia kuonyesha kwamba santuri nayo ina mnakili wake. Kwa nyimbo za gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, mnakili huyo alikuwa maikrofoni moja.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, alikutana na Mwenda wa Bayeke Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo huitwa Likasi. Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa akipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba likishika sauti nzito zenye kurudiarudia, shahada ikicheza juu yake. Tracey alimrekodi, na santuri zikatolewa kwa alama ya Gallotone. Ni mwaka uleule ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere pamoja na kamusi na miswada yake. Na Kiswahili alichokiimba kijana yule wa Jadotville hakikuwamo katika kamusi hizo.

Tracey hakuona haya kutumia maikrofoni moja. Aliishika mkononi, akaisogeza panapohitajika, na mwaka 1955 alichapisha katika jarida *African Music* makala juu ya namna ya kunasa muziki wa Kiafrika mahali unapopigwa. Hoja ya njia hiyo ina nguvu hata leo. Maikrofoni mbili zikiwekwa mbele ya mtu mmoja, sauti huifikia moja kabla ya nyingine, na zikichanganywa, mawimbi huweza kufutana. Maikrofoni moja haina ugomvi huo. Ila ina sharti lake: uwiano wa sauti na gitaa huamuliwa papo hapo, kwa umbali na mwelekeo, na uamuzi ukiisha kuingia katika utepe haurudi nyuma. Ikielekezwa kwenye tundu la gitaa, ngurumo hutawala. Ikiinuliwa kuelekea kinywani, maneno hupata nafasi na vidole hufifia. Na santuri ya upande mmoja ilichukua kama dakika 3 tu, basi hapakuwa na nafasi ya kujaribu hivi na vile katikati ya wimbo.

Sasa tuitazame lugha. Edgar Polomé alipoeleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, miongoni mwa mambo yaliyokitofautisha na Kiswahili sanifu yalikuwa viambishi vya ngeli: *ba-* mahali pa *wa-*, *bi-* mahali pa *vi-*, na *mu-* yenye irabu kamili pale ambapo wa pwani husema *m-*. Huo ndio ushahidi anaoutafuta mwanaisimu katika nyimbo hizi, naye yumo mahali pabaya kabisa. Nyuzi wazi za gitaa hulia kuanzia mitikisiko 82 kwa sekunde hadi 330. Sauti ya mwanamume huanzia humohumo, na nguvu ya irabu *u* iko karibu na mwisho wa safu hiyo. Gumba likigonga uzi mzito juu ya silabi fupi isiyo na mkazo, *mu-* yaweza kusikika *m-*, na mpasuko mdogo wa *b* ukazama. Mwandishi mwenye kuzoea Kiswahili sanifu hujaza pengo kwa alichokizoea, naye hajui kwamba amejaza. *S* na *sh* huokoka kwa kuwa ziko juu mno. Lakini hizo si swali letu.

David Rycroft alipochapisha uchunguzi wake wa Mwenda mwaka 1961 na 1962, aliuelekeza kwenye ubunifu wa gitaa, na kwa hilo alitufanyia kazi kubwa. Kwa maoni yangu mhariri wa maneno aanzie hapohapo, ingawa ni kazi ya muziki. “Masanga” iliyorekodiwa kwa gitaa pasipo kuimba humwonyesha mahali ambapo gumba lilizoea kuangukia. Ndipo ajue silabi zipi katika nyimbo zilizoimbwa azitilie shaka, na alinganishe ubeti uliorudiwa mahali ambapo pigo halikuangukia neno lilelile. Pasipothibitika, aache mabano matupu, kama afanyavyo kwenye karatasi iliyoliwa na mchwa. Mwaka 1979 John Low alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa wapigaji wenyewe, akachapisha kitabu chake mwaka 1982. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari, na mlango huo ukafungwa kwake.

Wako wazee wengine wanaopiga gitaa kavu majumbani mwao, na mtafiti huwaendea na maikrofoni moja mkobani. Asiogope uchache wake. Bati na kuta za saruji hurudisha sauti. Zulia, godoro na mablanketi huzinywa. Amrekodi mzee mara tatu: kwanza maikrofoni iwe kimo cha kifua, mbele kiasi cha nusu mita, ili sauti na gitaa viwe pamoja kama kawaida yake, kisha gitaa peke yake, ikielekezwa pale shingo inapoungana na mwili wala si kwenye tundu, mwisho ayaseme maneno bila kupiga. Na juu ya utepe au faili aandike maikrofoni ilisimama wapi.