Shule Ilikuwa Nyumba ya Nani? Waislamu wa Jinja na Mbale katika Safari ya Elimu



Wazazi wapenzi, mara nyingi katika mikutano yetu, na hata juu ya mimbari, husemwa kwamba Waislamu wa Uganda walibaki nyuma kwa sababu wazee wetu hawakupenda elimu. Vijana wameyasikia maneno hayo mpaka wameyaamini. Sisi tunaofundisha madrasa hatuwezi kuyanyamazia, kwani mtoto anayeambiwa kuwa babu yake alikuwa adui wa kalamu huanza kuionea haya dini ya babu yake.

Ukweli ni kwamba kusoma na kuandika kuliingia nchi hii kwa mkono wa Waislamu. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844, zaidi ya miaka 30 kabla ya wamisionari wa kwanza wa CMS waliofika mwaka 1877. Kabaka Mutesa I alijifunza kusoma na kuandika herufi za Kiarabu kutoka kwa Waislamu wa barazani kwake. Na angalieni jambo hili: katika Luganda mpaka leo neno okusoma lina maana ya kusoma kitabu na pia maana ya kwenda kusali. Dini na kitabu viliingia kwa mlango mmoja. Kwa hiyo aliyeingia shule ya mtu, watu walielewa kwamba ameingia na dini ya mwenye shule. Hawakukosea.

Wataalamu wa elimu ya jamii wanatuambia kwamba shule hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza humrithisha mtoto adabu, imani na desturi za wale wanaoiendesha. Pili hugawa nafasi, yaani huamua nani atakuwa karani na nani atabeba mzigo. Mzazi Mwislamu wa wakati wa Mwingereza aliiona kazi ya kwanza waziwazi. Ile ya pili ilijitokeza polepole, na ilipoonekana nafasi zilikuwa zimekwisha gawanywa.

Baada ya vita vya dini vya Buganda, Mkataba wa mwaka 1900 uliwapa Waislamu uchifu wa saza moja tu, Butambala, kati ya masaza 20. Elimu ikaachwa mikononi mwa misheni. Namilyango ya Wakatoliki ilifunguliwa mwaka 1902, Budo ya Waprotestanti mwaka 1906. Huku kwetu mashariki CMS wakawa na Mwiri karibu na Jinja na Nabumali karibu na Mbale. Serikali ilianza kujishughulisha na elimu kwa dhati katika miaka ya 1920, baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita hapa mwaka 1924, na hata hapo fedha ziliendelea kupitia misheni. Mji wa Mbale wenyewe ulianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa Mprotestanti, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wafanyabiashara wa Kiswahili, Waarabu, Wahindi na Waganda Waislamu walijenga humo maduka, misikiti na vyuo vya Qur'an. Watoto wa vyuo hivyo walijua kusoma, lakini kusoma kwao hakukutambuliwa na ofisi yoyote. Mtoto aliyehifadhi majuzuu kadhaa alihesabiwa katika vitabu vya serikali sawa na asiyejua herufi.

Katika nyingi ya shule za misheni, mtoto Mwislamu alitakiwa kukaa katika mafundisho ya Kikristo, na mara nyingi kuchukua jina jipya na kubatizwa. Je, mzazi aliyekataa alikataa elimu?

Tukumbuke Sira. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, wanahistoria wanasimulia kwamba mateka wa Makka waliojua kuandika, lakini hawakuwa na fidia, walifunguliwa kwa sharti la kuwafundisha kuandika watoto wa Madina. Walimu wale walikuwa washirikina, tena waliotoka vitani dhidi ya Waislamu, na Mtume (s.a.w.) hakuona taabu kuwakabidhi watoto. Lakini mji ulikuwa wa Waislamu, mwalimu hakuwa na amri juu ya jina la mtoto, na jioni mtoto alirudi kwa mama yake. Uganda ya mwaka 1920 mambo yalikuwa kinyume chake. Somo lilikuwa lilelile la kuandika. Mwenye nyumba ndiye aliyebadilika.

Gharama, hata hivyo, ililipwa na sisi tunaiona mpaka leo. Mwislamu akawa mchinjaji, kwa kuwa kazi ya kuchinja iliachiwa Waislamu ili watu wa dini zote wale, akawa dereva, akawa mwenye duka dogo sokoni. Hizi ni kazi za halali na ziliwalisha watu wengi. Lakini bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikajengwa Jinja, meza za ofisini zilimsubiri mwenye cheti. Baba mwenye bucha alikuwa na fedha kuliko karani, ila karani ndiye aliyeandika barua ya kumwajiri mtoto wa nduguye.

Wazee hawakukaa bure. Katika miaka ya 1940 Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli (msimchanganye na Semei wa Mbale) na wenzake walianzisha Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, UMEA, na shule zake zikaenea hadi Busoga na Mbale. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 chini ya Aga Khan, ilisaidia ujenzi wa shule na misikiti. Hapo ndipo mzazi aliyedaiwa kuchukia elimu alipotoa shilingi yake mwenyewe. Hoja yetu iko hapo: mlango ulipokuwa wake, aliingia.

Mwaka 1972 Wahindi walifukuzwa na maduka ya Jinja yakagawiwa watu waliokuja kuitwa mafuta mingi, baadhi yao ndugu zetu. Wengi hawakujua kutunza hesabu wala kuagiza bidhaa, na rafu zikabaki tupu. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, mali ile ikaondoka. Kutoka enzi hiyohiyo kulibaki uamuzi mmoja wa maana, ule wa mkutano wa nchi za Kiislamu huko Lahore mwaka 1974, kwamba vijengwe vyuo vikuu viwili Afrika, kimoja Niger na kingine Uganda. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwezi Februari 1988 kikiwa na wanafunzi 80. Mtoto wa mchinjaji wa Iganga aliweza sasa kupata shahada bila kubadili jina lake. Tuseme pia kwa uadilifu kwamba Wakristo nao husoma pale Nkoma, nao hufuata kanuni za mavazi za chuo. Hakuna anayewabatiza, lakini wao pia wanajua wako katika nyumba ya nani.

Mtihani wa sasa ni mwingine. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 1997, watoto wetu wengi wako shuleni, alhamdulillah. Lakini shule huwaachia jioni, wengine wako bweni muhula mzima, na madrasa imesukumwa hadi Jumamosi, Jumapili na likizo. Huyo mwalimu wa Jumamosi analipwa kwa michango ya wazazi, na mwezi wa ada za shule mchango wake ndio wa kwanza kusahauliwa. Hivyo wengine wanaiacha kazi, wananunua bodaboda. Kabla ya muhula ujao, wazazi wa kila msikiti wakae wapange mambo mawili: mwalimu wa madrasa alipwe kiasi gani na tarehe ngapi, na nani ataenda kumwuliza mwalimu mkuu wa shule ya bweni mahali watoto wetu wanaposalia Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.