Huru au Bure?

Kuna ugomvi mmoja wa waandika programu ambao sisi wapenda maneno tunapaswa kuujua. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU: programu ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kumgawia jirani. Akaziita 'free'. Kiingereza kikamwangusha, maana neno hilohilo ni huru na ni bure. Wenye biashara wakasikia bure, wakasita.

Februari 1998, watu wachache walikutana Palo Alto, California. Christine Peterson akapendekeza 'open source', yaani chanzo kilicho wazi. Jina likapendwa. Stallman akakataa katakata: ukiliondoa neno uhuru, watu watasahau kwamba kuna haki ya kudaiwa. Mwaka uliofuata Bruce Perens, mmoja wa waasisi wa taasisi ya jina jipya, naye akajitoa, akitaka uhuru uzungumzwe tena.

Kamusi yetu ingemaliza nusu ya ugomvi ule. Nusu ya pili ni siasa hasa. Android imejengwa juu ya Linux, iliyotolewa kwa leseni aliyoiandika Stallman. Sasa jaribu kuibadilisha programu ya simu yako, uone kama utaruhusiwa. Chanzo kiko wazi, sawa. Wewe je, uko huru?