Kujitosa kwa Hadhara: Forodhani na Mostar

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bamvua la Unguja huleta maji ya kujaa kiasi cha saa kumi au kumi na moja jioni. Ndiyo saa ambayo joto la Mji Mkongwe limeanza kuvunjika, ofisi na skuli zimefungwa, na wauzaji wa bustani ya Forodhani wanapanga meza za mishkaki, pweza na juisi ya miwa. Wapiga makachu, vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa bustani hiyo, hawakupangiwa saa na mtu yeyote. Bahari ndiyo iliyowapangia. Wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, saa hiyohiyo kina chini ya ukuta ni kidogo, na anayetaka kuonyesha ufundi wake heri asubiri.

Kwa asiyewahi kuwaona: kijana huanza mbio kutoka ndani ya bustani, pekupeku, watu wakimpisha, na akifika ukingoni hujirusha. Kuanzia hapo kila mtu na lake. Huyu atapinduka hewani mara mbili, yule atajilaza ubavu kama aliyejinyoosha barazani kwao, mwingine atachezesha miguu akikimbia pasipo ardhi. Hufuatana wanne, watano, nyuma yao watoto ambao bado hawajaota ndevu wakijipenyeza. Aliyeanguka vibaya, tumbo kwanza, hushangiliwa kuliko aliyeingia vizuri. Watazamaji ni familia za mitaa ya Ng'ambo zilizokuja kupunga upepo, wazee, wanafunzi, na watalii wenye simu juu. Bustani yenyewe ilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub, ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Waliochora ramani ya bustani mara hizo mbili walipanga njia, mabenchi na miti ya kivuli. Jukwaa la sarakasi sijui kama waliliwaza.

Mji mwingine unaojulikana kwa watu wake kujitosa majini mbele ya kadamnasi ni Mostar, huko Bosnia na Herzegovina, mji wa watu laki moja na kidogo. Hapo hapana bahari. Kuna mto Neretva, maji ya rangi ya kijani yatokayo milimani, baridi hata jua la Julai likichoma mawe, na juu yake Stari Most, daraja la upinde mmoja lililokamilishwa na fundi wa Kiosmani, Mimar Hayruddin, mwaka 1566. Kutoka kileleni hadi majini ni zaidi ya mita 20. Anayeruka huwa hewani sekunde mbili hivi na hugonga maji kwa kasi ya gari lililo barabara kuu, kilomita zaidi ya 70 kwa saa. Kabla ya kuruka hujimwagia maji ya baridi ili mwili usishtuke. Haanzi kwa mbio. Husimama nje ya reli, hutandaza mikono, hutulia, huenda.

Lakini kabla ya hayo kuna kofia. Mmoja wa wanachama wa klabu ya warukaji hupanda juu ya ukingo akiwa na chupi ya kuogelea, anajinyoosha, anaangalia chini, anarudi. Mwenzake anapita kati ya watalii akikusanya pesa kwa kofia. Fedha zisipotimia, haruki. Mgeni asiye na subira huondoka akiwa ameona mwanamume mwenye misuli akitembea juu ya jiwe, basi. Forodhani mambo ni kinyume: kwanza makachu, kisha mgeni akipenda atoe chochote, na asipotoa kijana ameshapanda ukuta tena akiwa anachuruzika maji.

Mhakiki mvivu angesema hapa: Mzungu amekifanya kila kitu biashara, Mswahili anacheza kwa furaha yake. Silikubali hilo hata kidogo. Urefu wa ukuta unaeleza mengi kuliko tabia ya watu. Kwenye ukuta wa mita chache, mpiga makachu anaweza kuruka mara ishirini kwa jioni moja. Kila ruko ni rahisi, na kosa lake huishia kwenye kicheko na tumbo jekundu. Kwenye mita ishirini na zaidi, kosa hilohilo huvunja mbavu. Ruko moja ni mali adimu, na kitu adimu hutafutiwa bei. Urefu huohuo ndio ulioifanya Mostar iyachukulie maruko yake kama heshima ya mwanamume wa mji, jambo linalofundishwa kwa miaka kuanzia kwenye majukwaa mafupi. Mgeni mwenye moyo naye anaweza kufundishwa, akaruka, na jina lake likaandikwa katika daftari la klabu.

Maelezo haya yangenitosha, kama asingekuwapo Evliya Çelebi. Msafiri huyu wa Kiosmani alipita Mostar mwaka 1664 na kuacha habari za vijana waliokuwa wakiruka kutoka daraja lilelile, kwa urefu uleule. Walirukaje? Wengine kichwa chini wakipinduka, wengine wamekaa mkao wa kukunja miguu, wengine wawiliwawili na watatuwatatu wamekumbatiana. Halafu walipanda magenge hadi kichwani mwa daraja na kupokea zawadi kutoka kwa mawaziri na wakubwa waliokuwa wakitazama. Zawadi baada ya ruko, si kabla. Na mchekeshaji aliyekunja miguu hewani juu ya Neretva angejikuta nyumbani kabisa Forodhani.

Kwa hiyo urefu peke yake haukuua mzaha. Kilichoubana, naona mimi, ni alama. Mwaka 1968 yalianzishwa mashindano rasmi ya kila kiangazi, na pakawa na mitindo miwili inayotambulika: ruko la miguu kwanza, na lile la kichwa kwanza liitwalo mbayuwayu, mikono imetandazwa mpaka dakika ya mwisho. Ni mazuri kutazama. Lakini jaji anahitaji kipimo, na wawili waliokumbatiana hawapimiki. Tangu 2015 yameongezeka mashindano ya kimataifa ya Red Bull, ambamo wanaume huruka kutoka mita 27 na wanawake mita 21. Kwa upande wa wanawake Mostar imetangulia: mwanamke kama Rhiannan Iffland wa Australia ameruka hapo na kushinda, wakati Forodhani mchezo bado ni wa wavulana na wasichana wamebaki upande wa watazamaji.

Miji yote miwili, kwa bahati mbaya, imewahi kuruka ikiwa na kifusi jirani. Stari Most liliangushwa kwa mizinga ya majeshi ya Wakroati tarehe 9 Novemba 1993 na kufunguliwa upya Julai 2004. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 mkabala na Forodhani, lilianguka sehemu yake na mnara wa saa siku ya 25 Desemba 2020, likaua watu wawili. La kwanza lilivunjwa na vita, la pili lilichoka likiwa mikononi mwa mafundi, tusiyachanganye. Ila tofauti moja inahusu mada yetu: bila daraja mrukaji wa Mostar hana urefu wake, ilhali mpiga makachu anahitaji ukuta na bamvua tu.

Ikija siku Zanzibar itake kuyapa makachu mashindano na majaji, na vishawishi vya utalii vipo, ningeomba izipuuze kofia na alama za Mostar na kuchukua kitu kingine: ule mpangilio wa mkubwa kumfundisha mdogo hatua kwa hatua, na mdogo kutoruhusiwa kuruka mpaka amethibitika. Kule Forodhani anayemfundisha mtoto kusoma kina cha maji ni mtoto aliyemzidi miaka miwili.